Nitahesabuje kalori za chakula nisichokipika mwenyewe?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 34, urefu sentimita 162, kilo 78. Nafanya kazi ofisini Posta, Dar es Salaam, na siku tano za wiki chakula cha mchana nakula nje. Mara nyingi ni wali maharage kwa mama ntilie wa nyuma ya jengo letu, siku nyingine chipsi mayai, na Ijumaa tunachangishana tunaagiza biriani. Nimepakua programu ya kuhesabu kalori na kila siku najaza bila kuruka. Inaniambia nakula kalori 1,300 tu, lakini miezi miwili sasa mizani haijasogea. Nikitafuta wali maharage kwenye programu naletewa majibu kumi, moja kalori 220, jingine 640. Nimeacha sembe nala dona, mafuta nyumbani ni ya alizeti yasiyo na kolesteroli, soda nimeacha nakunywa juisi. Hedhi nayo mwaka huu inaruka, nadhani ni mawazo ya kazi. Rafiki yangu ananishauri niache kabisa kula mchana. Je, mwili wangu ndio mgumu kupungua au nahesabu vibaya? Nitajuaje kalori za chakula ambacho sijakipika? Na hiyo biriani ya Ijumaa niiache?"

Dada yangu, ahsante kwa kuandika kila kitu na namba zake. Ungeandika tu "nakula kidogo lakini sipungui" ningebaki kubahatisha. Umenipa umri, urefu na uzito, basi tuanze na hesabu ya mwili wako kabla ya ile ya sahani.

Kuna kanuni ya Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990, ambayo sisi wa lishe huitumia kukadiria nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umelala tu, bila hata kuinua mkono: moyo kudunda, mapafu kupumua, figo kuchuja. Kwa mwanamke wa umri, urefu na kilo zako inatoa karibu kalori 1,460 kwa siku. Ukiongeza kutembea hadi kituo cha mwendokasi, ngazi za ofisini, kupika na kufua, unafika kama 2,000. Sasa mtu anayetumia 2,000 halafu anakula 1,300 kwa miezi miwili lazima awe amepungua kilo kadhaa, nne au hata zaidi. Wewe hujapungua. Maana yake ni kwamba kinachoingia kinakaribiana na kinachotoka. Unakula kama 2,000, na kalori kama 700 za kila siku hazionekani kwenye simu yako.

Najua sentensi hiyo inauma, kwa sababu umejaza programu kwa moyo wako wote. Sisemi unadanganya. Mwaka 1992 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wakisema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui. Watafiti walipima kwa njia za maabara nishati waliyokuwa wakiitumia na chakula walichokula kweli. Miili yao ilikutwa inaunguza chakula kama ya watu wengine tu. Kilichokuwa na kasoro ni hesabu: kwa wastani waliripoti pungufu kwa asilimia 47, yaani walikula karibu mara mbili ya walichoandika. Nao walikuwa watu waliojitahidi kama wewe. Kwa hiyo swali la kwanza limejibika: mwili wako si mgumu, unahesabu pungufu, na ukila chakula cha kupikiwa ni vigumu sana kutohesabu pungufu.

Tuje kwenye programu yenyewe, na zile 220 na 640. Uingereza, tangu Aprili 2022, kampuni za vyakula zenye wafanyakazi 250 na kuendelea zinalazimika kuandika kalori kwenye menyu. Marekani sheria ya namna hiyo ilianza kufanya kazi Mei 2018 kwa migahawa yenye matawi 20 na zaidi. Huko chakula cha tawi moja kinatakiwa kifanane na cha tawi jingine, kikipimwa mara moja basi namba inaingia kwenye programu na inasaidia kweli. Mama ntilie wako hana matawi 20. Ana masufuria matatu, upawa mmoja na macho yake. Ile "wali maharage kalori 220" iliandikwa na mtu asiyejulikana aliyekula kibakuli cha mtoto. Ile ya 640 iliandikwa na mwingine aliyekula sahani nzima. Na wewe, kwa ubinadamu tu, ukaichagua iliyo karibu na unayotamani. Mimi pia ningeichagua.

Hata namba zinazochapwa kwenye pakiti si za kuapia. Mamlaka ya chakula Marekani inavumilia kalori halisi kuzidi zilizoandikwa kwa hadi asilimia 20. Kwa hiyo ukiitafuta namba kamili ya sahani ya mtaani utajichosha bure. Unachohitaji ni makadirio yasiyo mbali na ukweli, tena yanayokadiriwa kwa mtindo uleule kila siku. Nitarudi hapo, maana ndipo uzito wa jibu langu ulipo.

Kwanza tuelewe kalori zinakaa wapi. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9. Maji hayana hata moja. Ukishika hayo tu, sahani nzima inaanza kusomeka. Mchicha wa kuchemsha ni maji kwa sehemu kubwa, ndiyo maana gramu 100 hazifiki kalori 30. Wali ulioiva ni mchele uliokunywa maji, gramu 100 zina kama 130. Ila kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kula, kile unachokiona ni kidogo tu cha kukaangia kitunguu, ni gramu kama 14 na kalori kama 120. Kijiko kimoja cha mafuta kinakaribia gramu 100 za wali! Na kwenye sahani wali unauona, mafuta huyaoni.

Siku moja nenda kwa mama ntilie wako saa nne asubuhi, kabla foleni haijaanza, umtazame anavyopika. Mchele hauingii kwenye maji matupu. Mafuta yanatangulia, kisha chumvi, kisha mchele unageuzwa ndani ya mafuta ili punje zisishikane, ndipo maji yamwagwe. Au inawekwa nazi, na tui zito lina mafuta mengi. Maharage yanachemka peke yake hadi yaive, halafu yanaungwa: mafuta, kitunguu, nyanya, karoti. Mchicha ule wenye kalori kidogo nao unaungwa. Ukifika saa saba utaona utando mwekundu unaoelea juu ya mchuzi, na mama akichota anapitisha upawa juu juu kwanza, kwa sababu wateja wengi wanaupenda ule utando na yeye anataka warudi. Simlaumu. Anapika chakula kitamu kwa bei ya watu. Programu yako ndiyo haijui kwamba mafuta yameingia mara tatu kwenye sahani moja.

Sasa tuihesabu. Tuseme wali ni gramu 450, jambo la kawaida kabisa kwa sahani iliyojazwa vizuri. Hapo ni kalori 585. Mafuta ya ndani ya wali tuyape gramu 10, kalori 90. Maharage gramu 150, karibu 180, na mafuta yake 90 mengine. Mchicha wa kuungwa 60. Kipande cha nyama ya ng'ombe kwenye mchuzi, kama gramu 60, kalori 140 na ushee. Kipande cha tikiti au kandizi ka pembeni, 50. Jumla karibu 1,200. Wewe siku hiyo kwenye programu uliandika ngapi? Kama uliandika 450, basi zile 700 zilizopotea tumeshazipata, na hatujagusa juisi.

Chipsi mayai nitaizungumza kidogo zaidi, kwa sababu hapo watu wanadhani mayai ndiyo yenye kosa. Yai moja ni kama kalori 75. Mawili ni 150, na yanakupa protini nzuri. Angalia chipsi zenyewe. Kiazi kibichi ni maji zaidi ya robo tatu. Kikizama kwenye mafuta ya moto, maji ya juu yanageuka mvuke na kutoka, ndiyo yale mapovu unayoyaona, na mvuke ukitoka kwa nguvu hauruhusu mafuta kuingia. Mafuta mengi yanaingia baadaye, pale chipsi zinapotolewa: mvuke unapoa, vijitundu vilivyobaki vinanyonya mafuta yaliyobaki juu ya ngozi ya chipsi. Kwa hiyo chipsi zilizotolewa zikarundikwa kwenye beseni bila kuchujwa zinaendelea kunywa. Halafu kwenye kibanda zinakaangwa nusu asubuhi, wewe unaagiza saa saba, zinarudishwa tena. Ukisema "nipigie zege" linakuja pigo la tatu: kikaango, na ile chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, anaibinya mara mbili mafuta yanaruka, chipsi zinamwagwa, mayai juu, na mbinyo mmoja wa pembeni ili isishike. Chipsi gramu 250 ni kama kalori 700, mayai 150, mafuta ya kikaango 180 au zaidi. Umevuka 1,000 na hujaweka mshikaki. Kachumbari usiihesabu, kula yote.

Nisieleweke vibaya: sikukatazi chipsi. Nakuonyesha tu kwa nini sahani mbili zinazobeba uzito sawa mkononi zinaweza kupishana mara mbili kwa kalori.

Umenitajia mabadiliko matatu uliyofanya, na kila moja nina neno nalo. Dona ni hatua nzuri, ina nyuzinyuzi, vitamini na madini zaidi kuliko sembe, na itakushibisha muda mrefu zaidi. Lakini kwa kalori zinakaribiana sana. Ugali wa dona wenye ukubwa wa ule wa sembe hautakupunguza hata robo kilo. Alizeti nayo: mafuta yote ya mimea hayana kolesteroli, tangu asili, kwa hiyo yale maandishi makubwa kwenye dumu yanakuambia kitu ambacho hakikuwahi kuwamo. Kwa moyo wako ni bora kuliko mafuta yanayoganda, ndiyo, ila gramu yake ni kalori 9 kama mafuta mengine yote. Ukimimina kwa amani ya moyo kwa sababu "haya ni mazuri", unamimina kalori. Na juisi, hapo samahani, umebadilishana kanzu na shati. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, kalori karibu 150. Juisi ya embe au pasheni ya ujazo huohuo haipishani nayo sana, na muuzaji akiongeza sukari inaipita. Embe lenyewe kula. Maji ndiyo kinywaji pekee ambacho hutakihesabu.

Sasa kazi yenyewe. Nakuomba ununue mizani ya jikoni, ile ndogo ya kidijitali. Haihitaji kuwa ya gharama. Kisha siku moja tu, agiza chakula chako cha kawaida, sahani ileile ya kila siku, lakini mwambie mama akufungie kwenye hotpoti: wali peke yake, maharage peke yake, mboga peke yake. Usimwambie kwamba unapima, atakupunja au atakuzidishia kwa aibu. Ukifika nyumbani pima kila kimoja na uandike. Rudia siku nyingine, kisha nyingine. Mara tatu zinatosha kukupa wastani wa sahani ya mama huyo. Ukishajua kwamba wali wake ni, tuseme, gramu 430, hutahitaji kupima tena hadi abadilishe sahani au aje binti mwingine wa kupakua. Mpakuaji akibadilika, na uzito hubadilika. Hili wateja wangu wengi hulisahau.

Kwenye programu acha kutafuta jina la chakula. Usiandike "wali maharage". Andika wali mweupe ulioiva, gramu kadhaa. Maharage yaliyochemshwa, gramu kadhaa. Na mstari wa tatu, ambao ndio muhimu kuliko yote, mafuta ya kupikia. Kwa sahani ya mama ntilie weka vijiko viwili vya mezani vya mafuta kila siku, hata kama huna uhakika. Kwa chipsi, chagua viazi vya kukaanga na si viazi vitupu, na kama ni zege ongeza kijiko kimoja na nusu cha mafuta. Kama programu inakusumbua kwa vyakula vyetu, kuna Majedwali ya Virutubisho vya Vyakula vya Tanzania, yaliyotolewa 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo cha Harvard. Na Kenya walitoa yao 2018 pamoja na kitabu cha mapishi yao. Humo utawakuta mchicha na dagaa wako, namba ambazo programu za ng'ambo hazina habari nazo.

Siku usiyokuwa na mizani, mkono wako upo. Ngumi yako iliyofungwa inakaribia kikombe kimoja cha wali, kalori 200 na kidogo. Kiganja bila vidole, kwa upana na unene, ni kipande cha nyama au samaki cha gramu 90 hivi. Dole gumba ni kama kijiko cha mafuta, siagi ya karanga au kachumbari ya parachichi. Ni kipimo cha kukisia, lakini mkono unasafiri na wewe kila mgahawa, haukosei leo kwa namna tofauti na ulivyokosea jana.

Na hapo ndipo nilipoahidi kurudi. Kosa linalojirudia halina madhara makubwa. Tuseme wewe, kwa mtindo huo niliokueleza, bado unakosea kwa kalori 200 chini kila siku. Sawa. Baada ya wiki nne uzito utakuambia. Kama programu inasema 1,600 na hupungui, basi 1,600 yako ndiyo kiwango chako cha kubaki ulipo, haijalishi jina lake halisi. Shuka hadi 1,400 ya programu hiyohiyo, kwa kutoa upawa mmoja wa wali na kijiko cha mafuta, usubiri tena. Kinachoharibu hesabu ni kosa linaloruka: leo sahani ni 220, kesho 640, keshokutwa umesahau kuandika. Hapo hata mizani haiwezi kukusaidia kujua kilichotokea.

Ila mizani ya mwili nayo ina tabia zake. Ukila chumvi nyingi mchana, kesho umebeba maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo inashikana na gramu kama tatu za maji. Kabla ya hedhi wanawake wengi hupanda kilo moja au zaidi bila kuongeza mafuta yoyote. Kwa hiyo usipime Jumatatu moja ukakata tamaa. Pima asubuhi ukitoka msalani, kabla ya chai, siku tatu au nne za wiki, utafute wastani, ulinganishe wastani na wastani.

Lengo lako liwe kalori ngapi? Ningeanzia 1,500 hadi 1,600, na mchana uchukue kama 600. Kwa mama ntilie inawezekana bila kubadilisha sehemu ya kulia: wali nusu, maharage upawa mmoja yaliyochotwa chini badala ya juu, mchicha mara mbili, tunda, maji. Siku ya nyama, acha maharage yapungue. Mwambie mapema, kabla hajachota: "Mama, leo nipunguzie wali, nizidishie mboga, na mchuzi usinimwagie." Baada ya wiki atakuwa ameshazoea, ataanza kukuchotea hivyo akikuona tu unavuka barabara. Akinuna na kudhani chakula chake hakikufurahishi, mwambie daktari amekukataza. Ni uongo mdogo, nitaubeba mimi.

Ugali ni mbadala mzuri siku nyingine, kwa sababu moja rahisi: ugali haupikwi na mafuta. Ukiuchukua na samaki wa mchuzi mwepesi, au dagaa wasiozama kwenye mafuta, na tembele, unajua karibu kila kilichomo. Samaki yuleyule akikaangwa hadi akauke ni hadithi nyingine.

Kubeba chakula kutoka nyumbani? Kwa udhibiti hakuna kinachoshinda, kwani mafuta unayamwaga mwenyewe. Lakini nimeona wengi wanaoapa kubeba siku tano, wiki ya pili wamechoka, ya tatu hotpoti iko kabatini. Beba siku mbili, kula nje tatu. Chakula cha mchana na wenzako nacho kina thamani yake, na ofisi ambayo watu wote wanavuka barabara pamoja wewe ukabaki na kontena mezani inakuwa adhabu.

Ushauri wa rafiki yako wa kuacha mchana kabisa sitauita upuuzi. Wapo watu wanaouweza, na wakipungua ni kwa sababu wamepunguza jumla ya siku. Kwa wewe naona shida iko saa kumi na moja jioni. Umekaa na njaa tangu chai, uko kwenye foleni, dirishani wanapita karanga, ndizi za kukaanga, na kituoni kuna mishikaki inafuka moshi. Andazi moja la kawaida lina kalori kama 200, na mwenye njaa hali moja. Ukitaka kujaribu, jaribu wiki mbili na uandike kila kitu hadi usiku, jumla ndiyo itasema. Lakini subiri kwanza, kuna jambo la kutazama kabla ya kujaribu njaa ya aina yoyote.

Hedhi yako. Umeitaja kwa sentensi moja katikati ya dona na juisi, na mimi ndiyo sentensi niliyoisoma mara mbili. Hedhi kuruka kwa miezi kadhaa kwa mwanamke wa miaka 34 mwenye uzito uliozidi kunaweza kuwa mawazo, kweli. Kunaweza pia kuwa mimba, na kama ni mimba mpango wote huu wa kupungua unasimama leo. Kunaweza kuwa vifuko vya mayai vyenye vivimbe vidogo vingi, hali inayotokana na mvurugiko wa homoni na ambayo mara nyingi huambatana na kuongezeka uzito, chunusi na nywele kidevuni. Kunaweza kuwa tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi pungufu, hasa kama unasikia baridi kuliko wenzako, unachoka, choo kigumu, ngozi kavu. Mimi kwa maandishi siwezi kuvitofautisha, wala programu haiwezi. Nunua kipimo cha mimba duka la dawa wiki hii, halafu nenda hospitali uonane na daktari, umwambie tarehe za hedhi zako za mwisho unazozikumbuka. Omba wakupime sukari, presha na tezi. Ukiwa hapo ulizia mtaalamu wa lishe. Hospitali za rufaa za mikoa huwa wapo, na kila halmashauri ina afisa lishe, watu wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kumfuata.

Na wengine mnaosoma jibu hili ambalo si lenu: kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, usipunguze wali nusu kwa kusoma tu, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Ongea na daktari wako dozi irekebishwe kwanza. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo, na kijana aliye chini ya miaka 18, hesabu hizi si zenu. Aliyepungua bila kujaribu, huyo aende hospitali haraka kuliko wote. Na kama kuhesabu kumefika mahali unaogopa kula mbele ya watu, unatapika ulichokula, au unakula kwa siri hadi tumbo linauma kisha unajiadhibu kesho yake, funga programu na utafute msaada wa ana kwa ana. Kuna watu ambao namba zinawadhuru, na kwao sahani iliyogawanywa, nusu mboga, robo wanga, robo nyama au maharage, bila kuhesabu chochote, inafanya kazi vizuri tu.

Imebaki biriani yako. Wali wa biriani umepikwa na mafuta, rosti lake limeundwa na vitunguu vya kukaangwa, mtindi na nyama, juu wanamwaga mafuta ya zafarani au rangi. Sahani ya mgahawa inaweza kufika 1,200 bila taabu. Mara moja kwa wiki, tena ya kuchangishana na wenzako, siioni sababu ya kuiacha. Omba wali kidogo na rosti ya kutosha, kachumbari nyingi, pilipili upendavyo, na soda mwachie anayeitaka. Asubuhi yake kunywa chai isiyo na vitumbua, jioni kula papai na mchuzi wa mboga. Kwenye programu andika 1,200, usitafute jina la biriani mle, utaletewa majibu kumi mengine.